Kopo la Mia Mbili

Mtaa wa Swahili, Kariakoo, ghorofa ya pili,
juu ya duka la magodoro,
tunasoma Kiingereza cha juu.
Sheria imebandikwa mlangoni:
ukiteleza ukasema Kiswahili, mia mbili kwenye kopo.
Kopo la maziwa ya unga, limetobolewa kwa kisu.

Jumanne ile Mwalimu Lwitiko aliandika ubaoni
neno la herufi tatu. Ndiyo kufa kwao.
Akatuambia si lao, waliliazima
kwa watu wa kaskazini waliokuja na mashoka,
wakachoma, wakaoa, wakabaki.
Kabla ya hapo walikuwa na la kwao,
la jikoni, la bibi zao.
Halikufukuzwa. Lilisogezwa tu,
mwaka kwa mwaka likapunguziwa kazi, likakonda,
hata leo limebakiwa na kifo kimoja: cha kukosa chakula.
"Kumbe neno nalo hufa njaa," alisema,
na alilisema hilo kwa Kiswahili.
Akajipapasa mfukoni. Akalipa.

Mkude, karani wa mahakama pale Kisutu,
akauliza, je, sisi? Kufariki si kwa Waarabu?
Maana yake kuachana, ndugu yake farakano,
kana kwamba marehemu kagombana nasi
akahamisha vyombo usiku.
Mia mbili.

Sikudhani, muuguzi, alikuwa anawahi zamu Muhimbili.
Akasema wodini hawana muda wa maneno yote hayo.
Husema: kitanda cha tisa kiko wazi.
Akaangalia saa yake.
Kopo likalia.

Mimi niko bima, dawati la madai.
Lile neno la ubaoni, likitamkwa,
masikioni mwangu ni dai.
Kutwa napokea madai ya vifo:
cheti, nakala tatu, muhuri wa mtendaji wa kata.
Moja nimelifungia droo tangu Machi.
Kila kitu nimejaza isipokuwa mstari mmoja,
uhusiano wako na marehemu.

Shuleni walitufundisha kwamba kufa ni kitenzi kifupi mno,
hakisimami bila mkongojo wake:
anaKUfa, ataKUfa, ameKUfa.
Kula vilevile, na kunywa, na kuja.
Vya kale vyote vifupi.
Ni ukikikana tu ndipo kinautupa mkongojo:
hafi.
Nililala na neno hilo wiki tatu, Mwaisela, kwenye benchi.
Hafi. Hafi huyu.

Mama alikuwa na neno lake, la Maneromango.
Alilitumia kwa kuku, kwa jirani,
kwa kibatari kilichoishiwa mafuta.
Nilikuwa nalisikia, namjibu kwa Kiswahili,
mwaka kwa mwaka, mpaka akaacha kulisema.
Hakuna aliyenitoza mia mbili.
Sasa nalitafuta. Nakumbuka mdomo wake ulivyokaa,
sauti siikumbuki.

Nilikuwa na sentensi. Niliipanga tangu Jangwani,
nyakati zimekaa sawa, kiima mahali pake.
Nikasimama, nikafungua kinywa, ikatoka:
Mama yangu amekufa.
Nikatafuta sarafu kwenye mkoba, risiti zikamwagika.

Hakuna aliyesahihisha.
Mkude akatia elfu moja, naye hajasema kitu.
Sikudhani akatia nauli yake.
Vijana wa benki, wale wa nyuma wanaocheka kila mara,
wakalipitisha kopo mkono kwa mkono
kama linavyopitishwa matangani,
halafu Mwalimu akaliweka mezani kwangu
na kufuta ubao, taratibu, kuanzia kona ya juu.

Chini, mlinzi wa magodoro alikuwa anafunga minyororo.
"Pole na masomo," akasema,
kama anavyosema kila Jumanne.
Nikasimama pale, kopo kwapani.
Alishafunga kufuli ya pili,
mimi bado natafuta la kumjibu.